Kadi za Chini ya Meza ya Pasi

Mtaani kwao dobi huyu aliitwa Nambari Mbili, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Chama chake kilishika nafasi ya pili jimboni katika chaguzi tano mfululizo, na kila mara wateja walikuja kuchukua nguo na kumpa pole huku wakibana kicheko.

"Hongera, wifi," dada wa mumewe alimwambia baada ya uchaguzi wa tano, amevaa fulana ya chama tawala. "Kura elfu kumi na moja! Sasa mtazichemsha au mtazikaanga?"

"Zikiiva nitakupakulia," dobi alijibu, akaikandamiza pasi kwenye kola ya shati.

Makao makuu ya chama chake yalishalifuta jimbo lile katika hesabu zake. Gari la kampeni lilipita bila hata kupunguza mwendo. Mwenyekiti wa tawi alihamia chama tawala, na ofisi ikageuzwa duka la simu. Kilichobaki ni boksi la kadi za uanachama chini ya meza ya pasi. Wanachama waliogopa kukutwa nazo, wakamwachia dobi. Naye alizipanga kwa mitaa, kama alivyopanga nguo, na kila mwenye kadi alipoleta mashuka aliulizwa, "Bado upo nasi?" Aliyehama alirudishiwa kadi yake, imekunjiwa ndani ya mashuka safi, bila neno.

Kisha sheria ikabadilika, ukaja uwakilishi wa uwiano. Viti mia vya bunge vingegawanywa kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila chama kingetoa orodha ya majina. Kikipata viti vinne, wanne wa juu wanaingia. Kura za jimbo lililofutwa zikawa na uzito sawa na za kwingine.

Katibu mkuu akaja mwenyewe, akikwepa mabeseni asilowanishe viatu vyake vya kung'aa.

"Mama, tumekuja kuomba zile kadi, tuwajue watu wetu wa hapa."

"Na mimi naomba nafasi ya nne."

Katibu akakohoa. Chama kilitarajia viti vitatu, vinne kikibahatika, na nafasi ya nne walishamwahidi tajiri wa mabasi aliyehamia kwao mwezi uliopita.

"Tutakuweka ya ishirini, mama."

"Ya ishirini ni pambo la karatasi, baba. Sheria nimeisoma. Orodha inapangwa kwa kura za wajumbe, mjumbe mmoja kwa kila kadi hamsini. Mimi ninazo elfu moja na mia tatu. Huko kwenu mnazo ngapi?"

Katibu akatazama viatu vyake. Kwenye ngome zao walizoea kuteuana mezani. Hakuna aliyetunza kadi.

Kwenye mkutano wa kupanga orodha waliingia wajumbe sitini na mmoja. Ishirini na sita walikuwa wa dobi, mashati yamenyooka hata inzi angeteleza. Tajiri wa mabasi akasimama.

"Ndugu wajumbe, bunge si pahali pa kufulia!"

"Ndiyo maana limechafuka," dobi akasema. Ukumbi ukaangua kicheko, na saba kutoka matawi mengine wakamuunga mkono. Thelathini na tatu kwa ishirini na nane. Nafasi ya nne ikawa yake.

Asubuhi ya matokeo redio iliwekwa juu ya meza ya pasi. Viti vitatu vilishapatikana. Cha nne kilisubiri jimbo moja lililobaki, lao. Wifi alikuja, safari hii bila fulana ya chama, akakaa juu ya furushi la nguo chafu na kumshika mkono.

"Katika jimbo hili," mtangazaji akasoma kwa sauti ileile ya miaka yote, "nafasi ya pili..."

Wifi akafumba macho. "Ya pili tena, jamani!"

"Nyamaza, wifi. Sikiliza hesabu."

Kura elfu kumi na tisa. Zikajumlishwa na za nchi nzima, na chama cha dobi kikapewa kiti cha nne.

Vigelegele vya wifi vilisikika hadi duka la simu. Alipoishiwa pumzi akapiga kelele mlangoni, "Njooni mumwone! Nambari Mbili ni mbunge!"

"Nambari Nne," dobi akamsahihisha, akachomoa pasi na kwenda kuwapokea.