Mboga za Wageni

Harufu ya samadi iliyolowa maji ya kuoshea vyombo hainichukizi. Hunirudisha nyuma ya nyumba yetu, kijijini nje kidogo ya Sumbawanga, mwaka niliokuwa darasa la tano. Baridi ya Juni kwetu Ufipa haina adabu. Asubuhi mimi na mama tulimwagilia bustani vidole vikiwa vimekufa ganzi, kwa maji tuliyobakiza jikoni jana yake, maana kisima kilikuwa mbali. Mama alikuwa amejiunga na kikundi cha akina mama waliofundishwa bustani za nyumbani, na sababu yake ilikuwa moja tu. Mdogo wangu Deo, wa miaka minne, alikuwa na vidonda vya midomo visivyopona, na muuguzi wa zahanati alisema mtoto apewe mboga za majani na karoti.

Mama alikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Matuta yake yalinyooka, chainizi zikatanua majani hadi majirani wakaanza kupitia uani kwetu bila shughuli yoyote. Bibi shamba aliyewafundisha akatangaza kwamba yetu ndiyo bustani ya mfano, na wageni kutoka mkoani wangekuja kuiona. Kuanzia siku hiyo tukakatazwa kuchuma hata jani. Wageni wakaahirisha safari, wakaahirisha tena. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji alikuwa anangoja kupona huku akila ugali wa ulezi kwa maharage, wiki baada ya wiki, na midomo ya Deo ikipasuka kila alipocheka. Nilimwonea mama fahari, na nilimkasirikia pia. Nilipomwomba tuchume walau majani ya chini, alinijibu kwamba pengo litaonekana.

Walikuja siku ya Alhamisi, na madaftari yao. Walizunguka, wakasifu, wakaandika. Mmoja wao, mama wa makamo, akamwinamia Deo na kumwuliza, kati ya mboga zote hizi, yeye anapenda ipi.

“Sijui,” Deo akasema. “Hizi ni za wageni.”

Bibi shamba alitazama viatu vyake. Mama akaingia ndani na kutoka na kisu. Alikata chainizi za mstari wa mbele, zile nzuri kuliko zote, akang'oa na karoti.

“Karibuni mkae,” aliwaambia. “Lakini mtoto atakula kwanza.”

Walikaa, wakala.

Mama sasa ni mzee, na bustani yake inatia aibu ukiitazama kwa jicho la mgeni: mashina yamekwanyuliwa, mistari ina mapengo, na wajukuu wanatafuna karoti zenye udongo. Mimi nimejenga mjini. Bustani yangu iko karibu na geti, wapita njia huipiga picha kwa simu, na vijana husema iko poa. Juma lililopita binti yangu alinikuta natoka sokoni na fungu la chainizi mkobani. Akautazama mkoba, akayatazama matuta yetu, akaniuliza hizi za hapa ni za nani.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, tena mbele ya watu, na bado ilibidi mtoto aniulize.