Kanyana na Sauti ya Columbus

Katika majengo yote ya kupanga ya Highview, kusini mwa Louisville, hakuna mwanamke aliyejua kukaribisha wageni kama Kanyana, wala hakuna aliyepata taabu kama yeye kuinuka kitini ili awafungulie mlango. Mwili ulikuwa umemzidi. Magoti yalilalamika kabla mguu haujakanyaga chini. Sukari ilipanda na kushuka kama mtoto anayechezea ngazi. Kule kwenye bohari alikopanga vifurushi, alikuwa amefika mahali pa kuomba kiti, naye hakuwa mtu wa kuomba kiti.

Kwa hiyo daktari alipomweleza kwamba kuna upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na kwamba watu wengi hupungua na sukari yao hutulia, Kanyana alisema ndiyo kabla sentensi haijaisha. Aliyeshtuka ni mumewe, Kagabo.

"Bon, na watu watasema je? Watasema mi sikulishi."

"Watasema ulinilisha sana, njo maana nimefika hapa."

"Na maziwa pia wamekukataza?"

"Yale ya mafuta, ndiyo."

Kagabo alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kwa mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyekua nyuma ya ng'ombe, mke kukatazwa maziwa ni kama mchungaji kukatazwa Biblia. Lakini alinunua yale mepesi, akayaweka kwenye friji kwa mkono mmoja, uso akiwa ameugeuza pembeni, kama anayeficha aibu ya jirani.

Upasuaji wenyewe hautolewi siku hiyo hiyo. Lazima kwanza mtu apungue kidogo kwa juhudi zake, amwone mtaalamu wa chakula, apimwe moyo, aulizwe maswali hadi achoke. Kanyana aliyafanya yote. Alizunguka maegesho ya magari ya duka akiwa amevaa kitenge na raba za mwanawe Gisubizo. Alikula mboga bila ugali, jambo ambalo hapo zamani angeliita adhabu. Na kweli akaanza kupungua.

Mwili ulipopungua, kitu kikajitokeza.

Alikiona akioga. Kwenye ziwa la kushoto, upande wa kwapani, kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mahindi mabichi. Alikibonyeza. Hakikuuma. Akavaa haraka, akatoka bafuni, akaanza kupika kama mtu anayefukuzwa. Alijiambia ni mafuta tu yaliyojikusanya. Alijiambia hivyo tena kesho yake. Moyoni alijua sababu ya pili ya kunyamaza: akisema, upasuaji utasimamishwa, na foleni ile aliyoipanda kwa jasho ataishuka hadi chini.

Ukafika wakati wa randevu, yaani miadi ya daktari, ya maswali. Katika hospitali za huko, kama hujui Kiingereza vizuri, wanakuletea mkalimani, ila siku hizi mkalimani haji na miguu. Anakuja na simu. Muuguzi anabonyeza namba, anaiweka simu mezani, na kutoka ndani ya kile kisanduku inasikika sauti ya mtu aliye mji mwingine kabisa, amekaa nyumbani kwake pengine na soksi, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Hasemi jina. Anataja namba yake tu.

Siku hiyo sauti ilisema namba yake, ikakohoa kidogo, kisha ikasema, "Bon, mama, niko hapa kukusaidia. Usiogope."

Kanyana akavuta kitenge kufunika mabega.

Sauti ile aliijua. Aliisikia kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye makongamano ya kanisa yanayowakusanya watu wao kutoka majimbo yote. Ilikuwa ya Mzee Karekezi wa Columbus, baba mdogo wa Kagabo, aliyekuwa mwalimu kule milimani na sasa ni mzee wa kanisa. Yaani baba mkwe wake. Na kwa Banyamulenge, kabila lao, mke aliyelelewa vizuri hatamki hata jina la baba mkwe. Kama jina hilo linafanana na neno la kitu, kitu hicho atakitafutia jina lingine. Kanyana tangu aolewe alimwita "Mzee wa Columbus", na kabla ya Amerika alimwita "Mzee wa kule juu". Mbele yake alikaa amefunika mabega, akiongea na sakafu.

Na sasa daktari, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alikuwa anauliza, na baba mkwe alikuwa anatafsiri: "Daktari anauliza kama umeona uvimbe wowote kwenye matiti."

Ukutani palikuwa na picha ya mfumo wa chakula, utumbo umejikunja kama kamba ya mbuzi. Kanyana aliikazia macho.

"Hapana," alisema, kwa sauti nyembamba isiyo yake.

"Katika familia yenu, mama au dada, kuna aliyepata ugonjwa wa matiti?"

"Hapana."

"Unasikia maumivu?"

"Hapana."

Hata alipoulizwa kama anakunywa maji ya kutosha alisema hapana. Daktari akaandika. Akasema kwa kuwa hakuna dalili, picha ya matiti inaweza kusubiri hata baada ya upasuaji. Akampa tarehe. Kanyana alitoka na tarehe aliyoitamani muda mrefu hivyo, lakini aliibeba kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Alimpigia simu dada yake mkubwa, Hadassa, ambaye tangu utoto alimwita Yaya, anayeishi North Buffalo na kumtunza bibi mmoja mzee huko Amherst. Hadassa alikuwa ndani ya gari akisubiri zamu ianze, na hita ilivuma hata huku ikasikika.

"Yaya, mzee aliniuliza mambo ya matiti."

"Mzee gani?"

"Wa Columbus. Alikuwa ndani ya simu."

Hadassa alicheka hadi akakosa pumzi. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

"Kanyana. Ulikuwa na kitu cha kumwambia daktari?"

Kanyana alihamisha simu sikio la pili.

"We mtoto, nakuuliza."

"Kuna kitu kidogo. Kama mahindi."

Hita iliendelea kuvuma. Hadassa alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wewe hukumwosha Mama alipokufa. Ulikuwa mdogo, walikutoa nje. Mi njo nilimwosha, mi na mashangazi. Tulipofungua ile kitambaa alikuwa amejifunga kifuani, shangazi mmoja alitoka akakaa kwenye majani. Miaka ile yote, Mama alikuwa anakamua ng'ombe, anatucheka, anatupikia, na ile kidonda iko pale. Hakumwambia hata Papa. Unajua alikufa na nini? Si kidonda. Alikufa na haya."

"Nikisema, watanifuta kwenye operesheni."

"Na ukiwa kaburini watakupunguza tumbo gani?"

Hadassa akasema anakuja.

Barabara ya kutoka Buffalo hadi Louisville inapita Columbus. Na kwa watu wao huwezi kupita mji wa mzee bila kusimama kumsalimia. Ukifanya hivyo habari itafika kabla yako. Basi Hadassa, pamoja na haraka yake yote na theluji iliyoganda kwenye bampa, alisimama Columbus. Alikunywa chai. Alipofika Highview alikuta Kagabo yuko kazini na watoto shuleni. Alikaa mezani bila kuvua koti.

"Nimemsalimia mzee wako," alimwambia Kanyana. "Akaniuliza habari zako. Nikasema mzima. Akakoroga chai hadi ikapoa. Kisha akasema, 'Hadassa, kazi yangu imenifunga mdomo, sisemi nilichosikia kwa mtu yeyote. Lakini kuna kitu kila mama wetu anapaswa kujua. Anaweza kuomba mkalimani mwanamke. Ni haki yake. Sisi wanaume hatukasiriki.' Akaniongezea sukari bila kuniuliza, akaanza kuongea habari ya hewa."

Kanyana alijifunika uso kwa kitenge.

"Donc, kumbe alinijua."

"Umekuwa mke wao miaka yote hii, unafikiri kubana pua kutamdanganya? Alikujua, na alijua unadanganya. Mzee wa watu hajalala."

"Yaya, nitaingia wapi?"

"Utaingia hospitali. Na mi nitakaa pembeni."

Randevu ya mwisho kabla ya upasuaji ilifika. Hadassa alitaka kutafsiri mwenyewe, lakini hospitali haikubali ndugu. Muuguzi akabonyeza namba. Wakalimani wanaojua Kiswahili cha Kivu si wengi kwenye zile laini, na ukibahatika unampata yule yule. Sauti ilitaja namba. Ikakohoa.

Dada wawili walitazamana. Hadassa alianza kufungua mdomo, Kanyana akamshika goti kumnyamazisha. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe. Aliongea wa kwanza mbele ya baba mkwe, na aliongea kwa Kiingereza chake mwenyewe, kile cha bohari, chenye maneno ya maboksi na zamu na samahani. Alimtazama daktari machoni, akamwambia anataka mkalimani mwanamke. Alilisema mara mbili, la pili kwa nguvu zaidi, kwa sababu la kwanza lilitoka limekunjamana.

Halafu ile sauti nzito ikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ameomba mwanamke, na kwamba yeye anaondoka kwenye laini. Kabla ya kukata ilisema kwa Kiswahili, polepole, "Asante, mama. Endelea."

Aliyefuata alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania, kimepigwa pasi hadi kina mistari. Kanyana alimweleza kila kitu. Alieleza punje ya mahindi, akaeleza Mama na kitambaa, akaeleza hata kwamba zile hapana za siku ile hazikuwa za kweli, isipokuwa ya maumivu na ya maji. Mkalimani alitafsiri bila kupumzika. Daktari aliweka kalamu chini. Hakugomba. Alinawa mikono, akaipasha joto kwa kuisugua, akagusa mahali pale, na akasema upasuaji wa tumbo utasimama kwanza.

Kanyana aliitika kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kulijua hilo tangu mlangoni.

Zikafuata picha. Kuna mashine inayolibana ziwa katikati ya vioo viwili kama chapati kwenye kikaango, na Kanyana, aliyekuwa ameogopa, alijikuta anaichungulia kwa mshangao jinsi inavyoona ndani ya nyama. Kisha picha ya mawimbi ya sauti, na jeli baridi. Kisha sindano ya kuchukua kipande kidogo. Usiku alilala, mchana alipanga vifurushi, na Kagabo, aliyeambiwa yote sasa, alianza kuosha vyombo bila kutumwa, akivigonganisha hadi majirani wakajua kuna jambo. Siku moja alisema, "Ungeniambia." Kanyana akajibu, "Ningekuambia na nini, mdomo ulikuwa umefungwa." Wakaishia hapo.

Siku ya majibu waliingia wote watatu, Kanyana, Kagabo na Hadassa. Simu ilikuwa mezani, na mkalimani alikuwa mwanamke bila hata kuomba tena, maana walikuwa wameshaandika. Daktari aliongea sentensi ndefu. Hadassa, anayekijua Kiingereza, alianza kulia kabla haijatafsiriwa, na Kanyana akaona machozi yale akafikiri amekwisha.

"Mama," ile sauti ya pasi ilisema, "si saratani. Ni uvimbe wa kawaida, hauna ubaya. Kwa sababu ya mama yako watakupiga picha kila mwaka. Na daktari anasema tarehe yako ya upasuaji itapangwa upya, haraka iwezekanavyo."

"Rudia," Kanyana alisema.

"Si saratani."

"Rudia tena, dada yangu. Sina haraka."

Mkalimani akarudia, na safari hii ilisikika anatabasamu.

Upasuaji ulifanyika kabla majani ya masika hayajatoka. Kanyana alikunywa supu kwa kijiko cha mtoto, akatembea korido ya hospitali akiburuta chuma cha dripu kama fimbo ya mchungaji wa ng'ombe. Kufikia joto la kiangazi alisimama zamu nzima kwenye mkanda wa vifurushi, na kile kiti alichokiomba akampa mtu mwingine.

Wanawake wa kanisa walikuja kumpongeza siku ya Jumamosi. Sebule ilijaa. Walisifia uso wake, walilalamikia shingo yake iliyokonda, walikunywa maziwa ya mafuta waliyokuja nayo wenyewe. Kanyana aliwaacha wasifie. Kisha aliwaambia ukweli wote, wa tumbo na wa ziwa, akitaja neno ziwa waziwazi katikati ya sebule yake. Vikombe vilitulia.

Nyirabeza, mjane mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ndiye aliyeongea wa kwanza.

"Mi waliniuliza hayo maswali mwaka jana. Aliyekuwa ndani ya simu ni mtoto wa ndugu yangu."

"Na ukajibu je?"

"Nilisema kichwa kinauma."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mwingine alisema yeye alikata simu kabisa. Wa tatu alikuwa ameweka mkono kwapani, juu ya gauni, na hakujua kwamba wenzake wanauona.

"Bon," Nyirabeza alisema, akaweka kikombe chini. "Ile Kiingereza uliisema je?"

Kanyana akasimama. Aliwafundisha ile sentensi ya kuomba mkalimani mwanamke, neno kwa neno, na mama wale, waliovuka mipaka na kambi na bahari, wakairudia pamoja kama wimbo mpya wa kwaya, kila mmoja na lafudhi yake. Hadassa, kwenye spika kutoka Buffalo, aliwasahihisha na akatukanwa kwa kujifanya Mzungu. Walipoiweza, Nyirabeza alitoa simu kwenye mkoba, akaomba namba ya hospitali, akapiga hapo hapo. Muziki wa kusubirisha ukapigwa. Sebule nzima iliusikiliza, hakuna aliyekohoa, na yule mama wa tatu akasogeza kiti chake karibu na Nyirabeza ili awe wa pili.