Zamu ya Mama Régina

Régina alikuwa mtu wa maneno ya polepole. Hakuwa na kigugumizi, wala hakuwa mwoga wa watu. Neno lake lilihitaji muda tu. Alizaliwa Lusangi, katika nyumba ya wakulima ambao wote walisema kwa pamoja, na tangu utotoni alizoea kwamba akishalipata neno lake, mazungumzo yameshavuka mto. Basi akajifunza kusikiliza, akajifunza na kushona. Alipoolewa Kasongo akaweka mashini yake ya kushona kwenye baraza karibu na soko, na wateja wakampenda kwa sababu hakuwachosha.

Jirani yake wa ukuta alikuwa Ibrahim, mwenye duka la kuchaji simu kwa nguvu ya jua. Mvua ikinyesha, Ibrahim hakuwa na kazi. Alikuwa amesoma Bukavu, na huko wenzake wa chumba walimfundisha mchezo ambao Kasongo hakuna aliyeujua. Watu wanakaa mezani. Mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mmoja anashika mutu wake: mpiganaji, mganga, mwizi, yeyote. Kiongozi anasema, "Mumefika kwenye mto, daraja limekatika." Kila mchezaji anasema mutu wake anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza.

Siku moja ya mvua kubwa Ibrahim aliwaita watatu: Régina; Soraya, mke wa Ibrahim mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi; na Placide, dereva wa pikipiki wa njia ya Kabambare na Wamaza, ambaye siku hiyo matope yalikuwa yamemrudisha. Akaweka mezani kitabu kinene cha Kifaransa, kizito kama tofali, na mfuko wa dadu za kila namna, nyingine zenye pande ishirini.

Mchana wote waliumalizia kutengeneza watu wao. Nguvu ngapi, mbio ngapi, anajua nini, anabeba nini. Ibrahim alipomwambia Placide kwamba mpiganaji wake hawezi kubeba mikuki miwili na kamba kwa sababu uzito umepita, Placide alisimama.

"Miye nabeba magunia matatu ya mchele na mbuzi mpaka Wamaza, na huyu shujaa anashindwa na kamba? Ndugu Ibrahim, tunaanza kuishi lini?"

Soraya alikuwa amesinzia. Kitabu kikarudi kwenye rafu.

Juma lililofuata Ibrahim alileta mchezo mwingine. Huu ulikuwa na sheria za ukurasa mmoja tu, na dadu moja ya kawaida ilitosha. Sema unachotaka kufanya, tupa. Ikitoka kubwa, umeweza. Ya katikati, umeweza lakini kuna taabu. Ndogo, taabu peke yake. Mutu asiyejua kusoma angeweza kuucheza. Placide aliruka mito, akapigana na mamba, akaoa binti wa mfalme kabla chai haijapoa. Watu waliojikinga mvua barazani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kila mmoja alisema, huu ndio mchezo, huu ni mwepesi, huu ni wa watu wote.

Régina alikuwa na mganga wake, lakini mganga huyo hakufanya kitu. Ilikuwa hivi kila mara: Ibrahim akisema simba ametoka msituni, Placide ameshamrukia, Soraya ameshapanda mti, na macho yote yanamgeukia Régina.

"Na weye, Mama Régina? Unafanya nini?"

Ukurasa ule haukusema mganga anaweza nini. Anaweza chochote, ndio uzuri wake, alisema Ibrahim. Lakini chochote ni kitu kikubwa kwa mtu anayetafuta neno huku watu wanangoja. Régina alijibu, "Ninawafuata." Kila mara, ninawafuata. Mvua ya tatu alisema ana sare za shule za kumaliza. Sare zilikuwepo kweli, lakini hazikuwa za haraka.

Siku chache baadaye alipeleka taa yake ichajiwe. Ibrahim alikuwa na wateja, na Régina, wakati wa kungoja, akateremsha kile kitabu kinene. Kilifunguka kwenye sura ya waganga. Aliona mganga wa daraja la chini anaweza mambo haya na haya: kufunga kidonda, kutambua sumu, kufukiza majani ili adui asione. Kila jambo lilikuwa na namna yake na dadu yake. Na mbele kidogo akasoma kwamba vitani kila mutu ana zamu yake, na katika zamu ya mmoja wengine hawasemi.

Alisoma sentensi ile mara mbili.

"Ninaweza kukibeba?" akauliza.

"Hicho?" Ibrahim alishangaa. "Beba, Mama Régina. Hakuna anayekitaka."

Akakisoma kwenye baraza yake, kati ya suruali na suruali. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya zamani. Neno likimshinda, alimngoja Soraya atoke darasani, na Soraya alikaa naye kwa furaha, kwani hata yeye hakuwa amefika mbali zaidi ya kurasa za kwanza. Mvua zilipoanza tena, Régina alikiweka kitabu mezani mwenyewe.

"Ninaomba tucheze hiki."

"Aa, Mama Régina!" Placide akashika kichwa. "Kitabu hiki kitatuua kabla ya simba!"

Régina alitafuta neno lake, akalipata. "Weye cheza tu. Hesabu zako nitazifanya miye."

Walicheza. Majambazi waliwazuia kwenye njia ya mlimani, na mpiganaji wa Placide akaanguka na jeraha la mguu. Placide alifungua mdomo kueleza jinsi atakavyoinuka, lakini Ibrahim akainua mkono.

"Hapana. Iko zamu ya Mama Régina."

Placide akafunga mdomo, ikabaki mvua tu juu ya mabati. Régina hakuharakishwa na mtu. Alitazama karatasi ya mganga wake, akatazama upepo unakotoka kwenye mchoro wa njia ambao Ibrahim alikuwa ameuweka mezani, akasema, "Ninachoma majani mabichi. Moshi uende kwao. Halafu ninamvuta Placide nyuma ya jiwe."

Dadu ya pande ishirini ikazunguka, ikatoka tatu. Alikosa vibaya, moshi uligeuka ukawajia wenyewe, na wote mezani wakajifanya kukohoa. Régina akacheka kwa sauti, mpaka mumewe, aliyekuwa anapita na jembe, akasimama kuangalia ni nani anayecheka hivyo. Alikuwa amekosa, lakini kwa jambo alilolichagua yeye.

Placide hakugeuka mpenzi wa hesabu. Baada ya mvua mbili alisema wazi kwamba sheria ya mizigo imtoke machoni, ama sivyo arudi kwenye mchezo wa ukurasa mmoja. Walibishana vizuri, wakala mihogo ya kuchoma, na mwishoni Régina ndiye aliyechagua: mizigo itoke, sheria za njaa na kiu zitoke, zamu zibaki, na sura ya waganga ibaki nzima. Ibrahim alikubali. Siku nyingine walicheza ule mwepesi, hasa wageni wakiwepo, na Régina aligundua kwamba hata humo sasa aliweza kusema kidogo, kwa kuwa mganga wake alikuwa ameshajua kazi. Si kila mara. Siku nyingine bado alifuata, na hakuna aliyemlaumu.

Mwaka huu Placide amewafundisha madereva wenzake huko Wamaza, wale wanaokaa wakingoja njia ikauke. Wanacheza kwa sheria za Régina. Wiki iliyopita alipanda kilima pamoja nao kutafuta mtandao, akampigia simu.

"Mama Régina, huku kuna kelele za mchezo. Mutu akilala usingizi wa dawa, zamu yake inapita ao inangoja?"

Régina aliacha kushona, akafikiri. Kwenye simu kulisikika upepo na sauti za madereva waliokuwa wakingoja jibu.

"Inangoja," akasema.

"Munasikia?" Placide akawapigia kelele wenzake. "Inangoja!"

Régina akaweka simu chini, akapitisha uzi upya kwenye sindano. Kulikuwa na gauni la arusi la kumaliza kabla ya Jumamosi.