Papa na Chetezo cha Udi

Mimi nimeishia darasa la tatu, na nilichonacho hapa ugenini Walthamstow nimekipata kwa spana. Kwa hivyo nikikueleza habari za gari yangu hii, usiniulize nimezisoma wapi. Nimeifungua mpaka skrubu ya mwisho.

Wamarekani walipotoka vita vikuu vya pili walioa, wakazaa, wakataka gari ya kupakia mke na watoto. Wakatengenezewa hii. Mwanzo ilikuwa ya duara kama chungu. Kisha kila mwaka ikabadilishwa sura, ili jirani amwonee jirani yake wivu: ikatiwa nikeli, ikapakwa rangi mbili, ikaota mapezi nyuma. Kwetu Unguja, nilipokuwa kijana wa gereji, tuliiita Papa. Baadaye mapezi yakakatwa, ikapanuka hovyo, ikaishia kuwa teksi.

Yangu ni ya mapezi, ya milango miwili. Miwili kwa makusudi: mtoto akikaa nyuma hana mlango wa kuchezea, hawezi kuanguka njiani. Akili hiyo niliisifu miaka mingi, mpaka siku ya harusi ya mjukuu wangu.

Niliiegesha mbele ya nyumba, pua inatazama chini ya mteremko. Bibi harusi keshapandishwa nyuma, shela limejaa kiti kizima. Mke wangu kakaa mbele na magoti yake mabovu, madirisha yote kayapandisha. Nikazima injini, nikafungua boneti kutazama maji mara ya mwisho.

Harufu ya petroli ikanipiga usoni. Mpira unaoipeleka kwenye kabureta umepasuka. Petroli za siku hizi zinaila mipira ya zamani. Chini, lami imelowa.

Nikachungulia pembeni ya boneti kuwaambia washuke. Kioo cha mbele hakionyeshi mtu. Ndani kumejaa moshi mweupe.

Udi. Mke wangu alikuwa anamfukiza bibi harusi humo humo garini. Chetezo kipo sakafuni, makaa mekundu, shela limetandazwa juu yake, kama yeye mwenyewe alivyofukizwa siku ya harusi yetu, chumbani kwao Unguja.

Ningepiga kelele, bibi harusi angeshtuka, chetezo kingepinduka. Na kutoka hawezi. Njia yake ni kukunja kiti cha mbele alichokalia bibi yake. Nikafunga mdomo, nikatembea. Nikagonga dirisha la nyuma, upande wa barabarani.

"Teremsha kioo, mjukuu wangu."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba Bibi kakataza, moshi utatoka.

"Bwana we, kaendeshe gari!" mke wangu akadakia. "Wanaume na udi wapi na wapi?"

"Teremsha, mama," nikamwambia mjukuu. "Polepole. Kisha nipe hicho chetezo. Usiinuke, na shela usilivute."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaanza kuzungusha mkono wa dirisha. Ukakwama nusu. Naujua, hukwama hapo hapo siku zote. Akaushika kwa mikono yote miwili, piko na hina mpaka viwikoni, akausukuma. Kioo kikashuka. Akafunua shela, akakiinua chetezo, nacho kikagonga ukingo wa dirisha. Kaa moja likaruka, likarudi ndani ya chetezo.

Nikakipokea kwa tumbo lake, palipo pa moto. Kiganja kikaungua. Sikukiachia. Nikapanda nacho mteremko, nisikimbie, upepo usije ukakipuliza, mpaka kwenye dimbwi la mvua pale kwenye kona. Nikakizamisha.

Niliporudi mke wangu alikuwa keshashuka na kumtoa mtoto. Anaitazama lami, kashika mdomo. Kisha mdomo ukafunguka.

"Kila Jumapili unamsugua Papa wako mapezi, bwana. Tumbo lake hulitazami?"

"Na wewe kila harusi lazima utie moto?"



Mjukuu akaenda ukumbini Edmonton kwa kigari cha jirani, shela kalikunja mapajani. Mimi nikabaki kumwaga mchanga juu ya petroli, kisha nikapanda basi na kanzu yangu. Ukumbini nilipomwinamia kumbusu, yeye ananukia udi, mimi nanuka gereji. Akakigeuza kiganja changu, akakitazama, akakifunga tena.

Mpira mpya niliutia Jumatatu. Mlango wa nyuma siwezi kuuongeza, hata mimi. Basi nyuma hakai tena mtu. Hukaa viazi vya sokoni.