Mluzi wa Phanuel Kwenye Sinema ya Vita

Elkanah alikuwa mbishi, na nasema hivyo kwa mapenzi, maana mimi mwenyewe namshinda kwa ubishi. Mimi ni Jescah, fundi cherehani wa Amalemba. Marehemu mume wangu alikuwa binamu yake, kwa hiyo tuliitana shemeji. Miaka ile sukari ilipopamba moto, trekta za miwa zikipita kutwa kucha na kila mwenye shamba akiezeka mabati mapya, Elkanah alikuwa mtu wa boila, ule mtambo wa mvuke, kiwandani. Hakuwa na cheo. Lakini mainjinia wakishindwa, walimwita yeye. Alikuwa anainamisha kichwa, anasikiliza kidogo, kisha anasema, "Ni ile valvu ya chini." Na kweli ikawa ni hiyo hiyo. Masikio yale yalimpa kiburi, usiambiwe.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunaenda sinema ya saa nane mchana mjini Kakamega, sisi watatu: mimi, yeye, na mwalimu Chrispinus. Kisha chai na mandazi, kisha ugomvi.

"Sinema ya vita afadhali uione kwa televisheni, umeketi kwako," Chrispinus alisema siku moja. "Pale ukumbini tarumbeta zinakupasua kichwa."

"Ng'o!" nikamwambia. "Kwa ile skrini kubwa mtu anaanguka mbele yako mzima mzima, na kiatu chake unakiona kikubwa kuliko mlango. Kwa kisanduku chako anaanguka kama sisimizi. Utamlilia sisimizi, mwalimu?"

Siku hiyo tulikuwa tumeona sinema ya vita vya Burma. Kuna mahali askari wanavuka mto kwenye mvua, wameinua bunduki juu ya vichwa, na mmoja mmoja wanapotea ndani ya ukungu. Nilisema zile fidla za pale mtoni zilinitoa machozi.

"Fidla zipi?" Chrispinus akauliza. "Zilikuwa ngoma. Polepole, kwa mbali."

"Mwalimu, una wazimu? Ngoma ilitoka wapi?"

Tukamgeukia Elkanah atuamue. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Hakukuwa na fidla wala ngoma," alisema. "Kulikuwa na mtu anapiga mluzi."

Nikacheka. "Shemeji, masikio yako yamejaa mvuke!"

Hakucheka. "Ni Phanuel," akasema. "Alikuwa anapiganga hivyo hivyo akiwa na ng'ombe wa baba."

Phanuel alikuwa kaka yake mkubwa, aliyechukuliwa keya, jeshi la mkoloni, wakati wa vita Elkanah akiwa na miaka saba. Barua mbili zilikuja kutoka huko huko Burma, halafu kimya. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unafungwa blanketi, unazikwa bomani kwao kama yeye. Lakini mama yao, Mama Awinja, alikataa miaka thelathini na zaidi. Ukizika mgomba wa mtu aliye hai, unamuua huko aliko. Ndivyo tunavyoamini, na mimi sithubutu kujaribu. Mwaka ule Mama alikuwa amevimba miguu, pumzi inakata, na wazee wa ukoo walimbembeleza mpaka akakubali. Hangeweza kuondoka na kumwacha mtoto bila kaburi. Siku ilishawekwa, Jumamosi ile inayokuja, na mgomba ulishachaguliwa.

Elkanah alitoka pale mezani moja kwa moja akaenda kusimamisha mazishi.

"Mtu anayepiga mluzi hazikwi," aliwaambia wazee. Walimfokea, wakamwambia anacheza na roho ya mama yake. Wapi! Hakutikisika, na Jumamosi ile ikapita bila mazishi.

Sinema ile ilikaa mjini mwezi mzima, watu walivyoipenda. Jumapili ya pili tukarudi. Nilitega masikio mpaka shingo ikauma. Askari walipoingia mtoni nikasikia fidla zangu, wazi kabisa. Chrispinus akaninong'oneza, "Ngoma hizo." Elkanah alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka.

Nikachoka. Taa zilipowaka nikawaburuta hadi chumba cha mashine kwa Maina, aliyekuwa akionyesha sinema pale. "Maina, tuamue. Pale mtoni kuna muziki gani?"

Maina akatutazama mmoja mmoja. "Pale mtoni?" akasema. "Hakuna muziki. Filamu ilifika hapa imekwaruzika sehemu ile, spika inanguruma vibaya. Mimi huzima sauti kabisa wakivuka. Dakika nne."

"Leo pia ulizima?"

"Leo, na jana, na juzi. Mbona?"

Chrispinus, mtu wa sayansi na kila kitu, alishuka ngazi mbio akasahau kofia. Mimi nilishika ukuta. Jamani, watu mia mbili walikuwa wameketi kwenye kimya, na mimi nilikuwa nimesikia fidla! Mpaka leo sijui nilisikia nini, na niliogopa, sitadanganya.

Elkanah peke yake ndiye hakuogopa. "Basi si wa kwenye filamu," alisema taratibu. "Ananiita mimi. Yuko hai mahali, ana shida."

Jumapili ya tatu alimleta Mama Awinja kwa gari la mtu wa kiwandani. Tulimbeba mpaka kiti cha kati. Hakuwa ameona sinema maishani mwake. Milipuko ilipoanza alinishika mkono, akauliza kama wale watu wana mama zao. Nikamwambia wanao.

Wakaingia mtoni. Sasa nilikijua kile kimya, nikakisikia kilivyo: watu wanapumua, mashine ya Maina inatatarika nyuma. Hakuna fidla. Elkanah akainama.

"Unamsikia, mama?"

Mama Awinja alikuwa ameinua kidevu. Mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kuosha vyombo.

"Namsikia," akasema.

Elkanah akaanza kusema, "Si nilikwambia yuko hai," lakini mama akamkatiza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ukumbi mzima ukasikia.

"Elkanah, wewe ulikuwa mdogo, hukuchunga naye. Akitoa ng'ombe alipiga mluzi wa kupanda juu. Huu unashuka. Huu ni wa kurudisha ng'ombe jioni, wa kuniambia niepue chakula." Akavuta pumzi. "Amefika zamani, mwanangu. Amesimama nje miaka yote hii, na mimi ndiye niliyemfungia mlango kwa kumnyima kaburi."

Elkanah akasema, "Mama, tungoje kidogo. Huenda..."

"Chimbeni," mama akasema.

Tukazika Jumamosi. Mgomba ulifungwa kwenye blanketi jipya, ukaingizwa kaburini kando ya baba yake, na mchungaji akasoma kama kawaida. Mama Awinja aliketi kwenye kiti akiangalia udongo ukijaa. Kisha akaomba obusuma, ugali wetu, na mboga, akala sahani nzima, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu mwaka uanze. Wanawake wakapiga vigelegele. Elkanah alikuwa na jembe mkononi hata baada ya wengine kuondoka.

Kesho yake alinijia mlangoni amevaa koti la kanisani. "Twende," akasema. Nilijua wapi. Sikutaka, lakini ningemwachaje?

Ilikuwa siku ya mwisho ya filamu ile, na ukumbi ulikuwa nusu tupu. Askari wakaingia mtoni na bunduki zao juu. Sauti ikazimwa. Nikamwona Elkanah anafunga macho, anainamisha kichwa upande, vile alivyokuwa anaisikiliza boila. Askari wa kwanza akapotea ukunguni. Wa pili. Wa tatu. Niliomba Mungu usikike mluzi, hata kidogo, japo ningekufa kwa woga.

Askari wa mwisho naye akapotea. Milio ya bunduki ikarudi kwa kishindo.

Elkanah akafungua macho akanitazama. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na uso ulikuwa wa mtoto wa miaka saba.

"Shemeji," akasema, "hapigi tena. Ameingia ndani."

Akalia mpaka taa zikawaka.