Kitabu Kilichomsingizia Mwinjilisti wa Igawa

Siku yangu ya kwanza kazini Iringa niliingia ofisini nimevaa koti la mama yangu, kwa sababu ulikuwa mwezi wa saba na baridi ilikuwa kali. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kilichonitoa darasani ni barua. Nilikuwa nimeiandikia Idara ya Vitabu ya kanisa letu kuwaeleza kwamba kijitabu walichokuwa wakikiuza kilinukuu mstari ambao haumo katika Biblia yoyote. Nilidhani watachukia. Badala yake Katibu wa Idara, mchungaji mmoja mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa kuridhika, aliniita na kuniuliza kama ningependa kuifanya kazi hiyo kila siku.

Baada ya kunisalimu, “Kamwene, Mwalimu Twilumba,” aliweka vitabu viwili juu ya meza yangu. Kimoja kilisema kwamba Mkristo aliyeokoka akiingia katika siasa amemwacha Mungu. Cha pili kilisema kwamba wahubiri wa uamsho ni vibaraka wa mabeberu.

“Kimoja nakipenda na kimoja nakichukia,” akasema. “Sikuambii kipi. Nenda kaniambie kipi kinasema kweli, na kwa kiasi gani.”

Nilivisoma kwa siku tisa. Nikamwambia kwamba vyote viwili vilikuwa na kweli chache na madai mengi yasiyo na mwenyewe. Akacheka, ndipo nikajua nimepata kazi.

Vijana mnaosoma haya mnaweza kushangaa kwamba kanisa lilihitaji mtu wa kazi kama hiyo. Miaka ile ya sabini watu walikuwa wakihamia vijijini, na kila mkutano wa ibada ulikuwa na mtu wa kuuliza kama aliyeokoka anaweza kuwa balozi wa nyumba kumi au kubeba kadi ya chama. Vitabu vilikuja kutoka pande zote kujibu maswali hayo, vingine vimetafsiriwa haraka kutoka nchi za mbali ambako hawajui kijiji cha kwetu kinafananaje. Msomaji, ndivyo nilivyoitwa, alisoma kitabu kabla hakijaingia dukani, kisha akaandika ripoti tuliyoiita mapitio: mwandishi ni nani, alikuwapo au alisimuliwa, na maneno yake yanasimama juu ya nini.

Katibu alinifundisha kuanzia nyuma ya kitabu. Kule nyuma ndiko kuliko na tanbihi, yale maelezo madogo yanayomwambia msomaji habari imetoka wapi. Alinifundisha kushtuka nikiona maneno “inajulikana wazi” na kuuliza inajulikana na nani. Zaidi ya yote alinionya nisichanganye ukali na uongo. Kuna kitabu kinachokuumiza kwa sababu ni cha kweli, alisema, na hicho ndicho utakachotamani sana kukikuta na kosa.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Mbeya, kwenye duka letu la vitabu, niwe msomaji wa kanda na msaidizi wa Meneja. Meneja alikuwa mtu mwema ila mwoga wa maneno. Wiki niliyofika nilimkuta ameficha rundo la vitabu vyenye jalada jekundu chini ya kaunta, juu yake ameweka boksi la chaki.

“Hivyo usiviguse, dada,” akaniambia. “Wachungaji wa kusini wanataka vichomwe, wa kaskazini wanataka viuzwe. Mimi nasubiri.”

Nikavigusa. Kilikuwa kitabu cha msomi mmoja mgeni kuhusu makanisa ya kiinjili na siasa katika Nyanda za Juu Kusini, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri. Mwandishi aliandika kwa kujiamini sana. Ukurasa wa sitini na mbili ulieleza kwamba huko Igawa mwinjilisti mmoja aliwakusanya watu mamia, akawaambia chama ni cha Shetani, akachoma kadi zao hadharani. Ukurasa wa tisini na nne ulidai kwamba viongozi wa kanisa, kanisa letu hilihili, waliwahi kutuma waraka wa siri katika sharika kuwakataza Wakristo kushika nafasi katika uongozi wa vijiji.

Mwandishi hakumtaja mwinjilisti kwa jina, lakini Igawa wakati huo ilikuwa na mwinjilisti mmoja tu, Mzee Ambakisye. Kitabu kilipofika kwa wakubwa, walimwita wakamhoji kwa dakika chache na kumsimamisha kuhubiri. Nilipofika Mbeya alikuwa na miezi minane hajapanda mimbarini. Watu waliacha kumsalimu, wengine kwa kuamini, wengine kwa kuogopa kuonekana naye.

Nikaandika kwa Katibu kuomba ruhusa ya kukifanyia mapitio kamili. Akajibu kwa mstari mmoja: “Fanya, na usiharakishe.”

Nilianzia nyuma kama nilivyofundishwa. Tanbihi ya habari ya Igawa ilielekeza kwenye jarida dogo la wamisionari, toleo ambalo kwa bahati tulikuwa nalo katika kabati la Iringa. Nikapanda basi kwenda kulisoma. Jarida lilisema mwinjilisti wa Igawa aliwaongoza waongofu kuchoma “karatasi za utii wao wa zamani”. Basi. Halikutaja kadi wala chama, na mwandishi wa jarida mwenyewe alikiri kwamba alisimuliwa na msafiri. Yaani msafiri alimwambia mmisionari, mmisionari akaandika kwa Kiingereza, msomi akaisoma na kukisia karatasi hizo ni zipi, mfasiri akaweka kisio hilo katika Kiswahili chetu kama jambo lililoonekana kwa macho.

Hiyo haikutosha. Kuonyesha kwamba habari imesimama vibaya si kuonyesha kwamba ni ya uongo. Nikateremka Igawa.

Nilimkuta Mzee Ambakisye shambani kwake akipalilia mpunga, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Hakufurahi kuniona. Alidhani nimetumwa kumhoji tena. Nilipomweleza kazi yangu alitoka majini, akakaa kwenye tuta.

“Mimi nilishajibu,” akasema. “Waliniuliza, ulichoma? Nikasema nilichoma. Mtumishi wa Mungu hadanganyi. Hawakuniuliza nilichoma nini.”

“Ulichoma nini, mzee?”

Akanitazama kwa muda, kama mtu aliyekwisha kata tamaa ya kuulizwa swali hilo. Alichoma hirizi, akasema. Waongofu walileta dawa za waganga, na nyingi zilikuwa vikaratasi vyenye maandishi, vimekunjwa na kushonewa katika ngozi. Walizifumua wenyewe na kutia karatasi katika debe, naye akawasha.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaeleza wakubwa hayo bila kusubiri swali. Akasema alijaribu, akaambiwa atoe jibu fupi. Kisha kuna jambo la pili. Angesema hirizi, wangetaka majina ya walioleta, na wengine walikuwa wazee wa usharika. Hakutaka kuwaaibisha watu waliokwisha tubu.

Nilirudi barabarani nikiwa na hasira, na hasira ni mbaya kwa msomaji. Nilimwamini mzee yule, ila mapitio yangu hayangeweza kuandika kwamba mtuhumiwa amekana na mimi nimemwamini. Nilihitaji mtu aliyekuwapo, asiye mtu wetu.

Mtu huyo alikuwa Ndugu Masanja, katibu wa tawi la chama palepale Igawa. Alikuwa Msukuma aliyehamia bonde hilo la Usangu na ng'ombe wake miaka mingi nyuma, na hakuwa Mkristo. Ofisini kwake nilieleza shida yangu nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa nilikuwa namuuliza mtu wa chama kama kadi za chama zilichomwa mbele yake. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, akachukua daftari kubwa la wanachama kutoka rafuni, akalifungua mbele yangu.

Akasema mkutano ule aliutolea kibali yeye mwenyewe, na alikaa mstari wa mbele tangu mwanzo hadi watu walipotawanyika, wala hakusikia chama kikitajwa kwa ubaya. Miezi miwili baadaye kulikuwa na ukaguzi wa kadi. Kila mwanachama alileta yake, na kila jina lina alama ya vema. Alinipitisha jina kwa jina kwa kidole chake kinene, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna hata jina moja lililokosa alama.

“Kadi zangu zingechomwa mimi nisijue?” akasema. “Tena mmoja wa waliochoma hirizi siku ile ni mke wangu. Nilimruhusu. Andika hilo, mwenyewe amekubali.”

Nikamuuliza kama mwandishi wa kitabu, au mtu yeyote wa kanisa, aliwahi kuja kumwuliza.

“Wewe ndiye wa kwanza, mama.”

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimeshinda kirahisi. Ukurasa wa tisini na nne ulikuwa bado. Nao nilitamani uwe wa uongo, nakiri. Nilirudi Iringa kupekua mafaili ya zamani ya nyaraka, siku nne mfululizo, nikiomba nisikute kitu. Siku ya nne nikaukuta. Ulikuwa umechapwa kwa stensili, karatasi imegeuka rangi ya chai, na maneno yalikuwa yaleyale aliyoyanukuu mwandishi. Chini kulikuwa na sahihi ya Mwenyekiti wa Halmashauri ya Vitabu, yaani mkubwa wa Katibu wangu, mtu ambaye angekaa mbele yangu kupokea mapitio.

Niliandika kurasa kumi na moja. Nikasema habari ya Igawa ni ya uongo, nikaonyesha ilivyozaliwa. Nikasema habari ya waraka ni ya kweli, nikaambatisha nakala. Nikapendekeza kitabu kiuzwe kikiwa na karatasi ya masahihisho, na Mzee Ambakisye arudishwe kazini.

Katibu aliyasoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akiogopa.

“Twilumba, huo wa tisini na nne uondoe. Mzee atarudishwa, utakuwa umepata ulichokitaka.”

“Mchungaji, nikiuondoa huo, sahihisho la ule wa sitini na mbili hataliamini mtu. Watasema tunasahihisha yanayotuumiza na kuficha yanayotuaibisha. Na watakuwa wamesema kweli.”

Alitembea hadi dirishani. Nilikuwa nahesabu moyoni ni shule gani itanipokea tena nikifukuzwa. Aliporudi mezani alichukua kalamu akatia sahihi yake chini ya yangu, akasema tutakwenda kikaoni pamoja.

Kikao cha Halmashauri kilikuwa na watu kumi na wawili, nami peke yangu mwanamke. Niliyasoma mapitio yote nimesimama. Nilipofika kwenye waraka sikuruka neno. Nilipomaliza, Mwenyekiti, mzee wa mvi, alinyoosha mkono akaomba ile nakala. Akaisoma taratibu kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

“Niliandika mimi,” akasema. “Niliogopa watu wetu watapotelea kwenye mikutano ya siasa. Kitabu kilipotoka nikajificha, na yule mzee wa Igawa akabeba aibu kwa kosa ambalo si lake. Mapitio yapite kama yalivyo.”

Yakapita bila kupingwa. Katibu alinishika mkono chini ya meza na kuubana kwa nguvu, mchungaji yule aliyekuwa mgumu wa kuridhika.

Jumapili ya kumrudisha Mzee Ambakisye nilikuwa Igawa. Watu walijaa hadi nje, wengine wamesimama madirishani. Ndugu Masanja aliingia kanisani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amevaa sare ya chama, mke wake pembeni. Mwenyekiti alisoma barua ya kumwomba radhi mwinjilisti, na hakuisoma kwa haraka. Kisha Masanja akaomba kusema neno. Akainua kadi yake juu, akasema ndiyo hii, haina hata harufu ya moshi. Kanisa zima likaangua kicheko, na kicheko kikageuka vigelegele, na vigelegele wimbo. Wimbo ule uliimbwa mara tano kabla mzee hajaweza kufungua Biblia. Alipoweza, alishindwa kusoma kwa machozi, akasema tu, “Ndaga fijo,” asante sana kwa lugha ya kwao, akakaa. Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri yake, na sijasikia bora.

Meneja alitoa vitabu chini ya kaunta, akavipanga dirishani kila kimoja na karatasi yake ya masahihisho. Vilikwisha. Tulimwandikia mchapishaji na kumpelekea ushahidi wote. Kwa muda mrefu hakujibu. Kisha ikaja barua ya mwandishi mwenyewe, ya unyenyekevu ambao sikuutarajia. Toleo la pili lilitoka bila kadi zilizochomwa. Ukurasa wa tisini na nne ulibaki vilevile, na hakuna mtu wa kanisa letu aliyelalamika.

Nilisoma vitabu kwa miaka mingi baada ya hapo, Iringa na Mbeya kwa zamu, hadi nikafika kwenye meza ya Katibu mwenyewe. Nilistaafu nikahamia Mbalizi, ambako nina bustani ya mboga na miwani miwili.

Mwaka jana mchungaji kijana aliniletea muswada, yaani kitabu kabla hakijachapwa, kuhusu historia ya idara yetu. Aliniomba niukague. Katikati nilikuta aya inayosema kwamba Mama Twilumba, alipokuwa Katibu, aliwahi kukataa kitabu cha mjane mmoja kuhusu wanawake na uchaguzi kwa kusoma sura mbili tu. Kijana alikaa mbele yangu akijikunja, akasema kwa adabu kwamba aya hiyo anaweza kuipunguza makali.

Nikamwambia anipe siku tatu. Nilitoa sandukuni madaftari yangu ya kazi, nikatafuta hadi nikalipata jina la mjane yule na tarehe niliyokikataa kitabu chake. Nilikuwa nimesoma sura mbili.

Siku ya tatu nilimrudishia muswada. Pembeni mwa aya ile nilikuwa nimeandika kwa wino kwamba ni kweli, na kwamba ametaja sura mbili lakini ya pili sikuimaliza, asahihishe. Kitabu kimetoka mwezi uliopita. Nilipanda gari hadi Mbeya kukinunua mwenyewe, nikamfungulia mwuza duka ukurasa ule, nikamwonyesha jina langu kwa furaha ambayo sijui kama aliielewa.