Sindano ya Kagure Haitoki Ovyo

Saa moja asubuhi, ukungu ungali umeketi juu ya michai ya Kibugu, na Kagure amepiga magoti katika zizi la Mzee Nyamu, buti zimezama topeni. Karembo, mtamba aliyezaa juma la juzi, amefura kiwele.

"Mdunge, daktari," Nyamu anahimiza, akichomoa chupa ya dawa iliyobaki nusu kutoka mwanya wa paa. "Jirani alinigawia. Kesho wakwe wanaleta mahari ya binti yetu Purity!"

"Nikimdunga leo, mzee, maziwa yake ni ya kumwaga siku kadhaa. Utawapa wakwe strungi?"

Wanjugu, mkewe Nyamu, anaangua kicheko. Chai ya wakwe isiyo na maziwa ya boma hilo ni aibu ya mwaka.

"Daktari bila sindano ni mhubiri bila Biblia," Nyamu anamchokoza Kagure.

"Na mhubiri habatizi aliyekwisha batizwa, mzee."

Kagure, 36, ametibu mifugo ya miteremko hii kwa miaka kumi na miwili. Kudunga humlipa kuliko kushauri, na mwaka huu wateja sita wamemhama.

"Wananiita mchoyo wa dawa," anasema. "Lakini vijidudu vikiizoea dawa, siku ng'ombe akiugua kweli tutakuwa tunamdunga maji."

Anakamulia kila chuchu kwenye kisahani chenye vishimo vinne, anatia maji ya kupimia, anazungusha. Maziwa yenye ugonjwa hunata kama kamasi. Wote watatu wanainama kutazama. Haya yanateleza tu.

"Hana ugonjwa. Ni uvimbe wa uzazi wa kwanza. Mkandeni kwa maji moto, mumkamue mara kwa mara."

Chupa ya jirani anaitia mkobani mwake.

"Kiwele kisipopungua," Nyamu anaguna, "hukanyagi hapa tena."

Kesho yake adhuhuri, nyimbo zinasikika tangu barabarani. Kiwele cha Karembo kimeanza kulegea, na chai kwenye sufuria ni nzito, nyeupe. Nyamu anamvuta Kagure mbele ya wakwe.

"Huyu ndiye daktari wangu. Hadungi!"

Vicheko vinalipuka. Baba wa bwana harusi anainua kikombe. "Jumatatu aje kwangu. Nina watatu wa kutodungwa."

Kagure anataka kufungua chumba cha kupimia maziwa sokoni Kianjokoma. "Mtu aje na maziwa kwanza," anasema, akipokea kikombe cha pili, "dawa tutaiulizia baadaye."